Umerithi karakana ya fundi redio? Anzia hapa

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Baba mkubwa ametuachia chumba kizima cha maredio mabovu, tuanzie wapi?" "Hizi taa za kioo zina maana yoyote au tutupe?" "Nimechomeka ile redio ya mbao ikatoa moshi, ndiyo basi tena?" Nimekuwa nikimjibu mtu mmoja mmoja, na mara nyingi jibu linafika mtu akiwa ameshafuta, ameshachomeka au ameshatupa kitu kisichorudi. Kwa hiyo nayaweka yote hapa kwa mpangilio, tangu siku unapokabidhiwa ufunguo mpaka kitu cha mwisho kinapotoka mlangoni.

Sharti la kwanza: kwa wiki nzima usisafishe, usiwashe, usitupe. Ukilishika hilo tu ukaacha mengine yote, bado utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya thamani iliyomo humo ndani.

Nalijua hili kwa uchungu. Mjomba aliponiachia karakana yake, siku ya pili tu nilichukua kitambaa chenye maji nikapangusa vumbi kwenye valvu kumi na mbili (ndizo hizo taa za kioo za redio za zamani) zilizokuwa rafuni. Maandishi ya valvu nyingi za zamani ni wino mwepesi uliokaa juu ya kioo, na wino ule ulitoka pamoja na vumbi. Nne nilikuja kuzitambua kwa alama ndogo ya almasi iliyofinyangwa chini ya kioo, katikati ya miguu, ambayo Telefunken waliiweka. Nane zilizobaki ziliuzwa kama valvu zisizo na jina, kwa bei ya kutupa.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na penseli. Kalamu ya wino huvuja na kufutika; penseli inadumu.
- Lebo za karatasi za kufungia kwa uzi. Usitumie zenye gundi: ukizibandua huondoka na rangi au maandishi.
- Simu yenye kamera nzuri, tochi na kioo cha kukuzia.
- Multimita, yaani kipima umeme, inayopima hadi volti 1000 za umeme wa moja kwa moja.
- Rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) moja ya omu 10,000 na wati 10, iliyounganishwa na nyaya mbili zenye vibanio na ganda zima la plastiki. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya tatu.
- Glovu za mpira na barakoa inayozuia vumbi laini. Vumbi la karakana ya zamani si vumbi la kawaida.
- Balbu ya nyuzi ya wati 60 na nyingine ya wati 100, pamoja na soketi yake. Ni za hatua ya nane, na balbu za LED hazifai kwa kazi hiyo.
- Maboksi, karatasi laini, na trei za mayai kwa ajili ya valvu ndogo.
- Siki nyeupe na vijiti vya pamba.

Hatua za kazi

1. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Anza mlangoni, zunguka rafu kwa rafu, kisha fungua kila droo na uipige picha ilivyo. Kwa jicho la mgeni karakana ni vurugu, lakini fundi alijua kila kitu kilipo, na mahali kilipo ni taarifa. Kifaa kilicho katikati ya meza kilikuwa kinatengenezwa. Skrubu zilizo kwenye kopo kando yake ni zake, na vitufe vilivyofungwa kwenye gazeti chini yake ni vyake pia. Ukishakusanya skrubu zote kwenye ndoo moja, umeshaigeuza redio iliyobakiza saa mbili za kazi kuwa redio isiyo kamili. Tafuta pia maandishi ya penseli au chaki ndani ya makava na juu ya chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba sehemu za ndani. Mafundi wengi huandika pale tarehe, ugonjwa wa kifaa na spea waliyobadilisha.

2. Tenga vitu vya wateja. Hapa ndipo familia nyingi zinapoingia matatizoni, na si kwa ubaya, ni kwa kutojua. Karakana ya fundi haina mali ya fundi peke yake. Tafuta vifaa vyenye kikaratasi chenye jina au namba ya simu, kisha tafuta daftari la kupokelea kazi na ulinganishe. Viweke vyote pembeni, viandike kwenye orodha yake, na uwapigie wenyewe kabla hujafikiria bei. Mwingine atakwambia uchukue tu. Mwingine atakuja mbio, kwa sababu redio hiyo ilikuwa ya mama yake.

Halafu kuna warithi. Andika orodha nzima, kila mmoja aione, ndipo mtu achukue kitu. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa sababu ya gramafoni moja iliyoondoka kimyakimya siku ya msiba.

3. Ondoa hatari. Hatua hii sitaifupisha.

Kapasita kubwa, yaani vikopo vya kuhifadhi chaji, hutunza umeme hata kifaa kikiwa kimechomolewa. Ndani ya amplifaya ya valvu ni kawaida kukuta volti 300 hadi 500. Kifaa kilichokaa miezi mara nyingi kimeshapungua chaji, lakini "mara nyingi" si neno la kuwekea mkono. Weka multimita kwenye volti 1000, kibanio cheusi kwenye chasisi, chekundu kwenye mguu chanya wa kapasita. Ukikuta zaidi ya volti chache, unganisha ile rezista ya omu 10,000 kati ya miguu miwili ya kapasita kwa vibanio, mkono mmoja ukiwa mfukoni, subiri nusu dakika, kisha pima tena. Usigonganishe miguu kwa bisibisi kama ulivyoona watu wakifanya. Cheche ile hula bisibisi na huweza kuua kapasita iliyokuwa nzima.

Televisheni za kioo kinene ni habari nyingine. Kioo chenyewe kinaweza kubaki na volti 20,000 hadi 30,000, na shingo yake ikivunjika kioo hupasukia ndani kwa nguvu na kurusha vipande. Kama hukufundishwa kuzishughulikia, usizifungue. Oveni za maikrowevu vivyo hivyo.

Toa betri zote leo. Unga mweupe wa betri za alkali futa kwa kijiti cha pamba kilichochovywa siki, kisha kwa kijiti chenye maji kidogo, halafu ukaushe. Kompyuta za zamani zina betri ndogo za nikeli na kadmiamu zilizolehemiwa kwenye bodi. Zikivuja hula njia za shaba na bodi hufa taratibu ikiwa ndani ya boksi. Zikate, lakini kwanza piga picha uone upande chanya ulikuwa wapi.

Kisha kuna sumu ambazo hazipigi kelele. Kapasita kubwa za bati zenye mafuta, hasa za kabla ya 1980, zinaweza kuwa na PCB, kemikali ambazo Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979 na ambazo zimo kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 unaohusu kemikali za sumu zinazodumu. Ukiona jina Aroclor, Pyranol au Clophen kwenye bati, vaa glovu, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, usiitoboe. Mita za kijeshi na za ndege zenye namba zilizopakwa rangi ya njano iliyogeuka kahawia zinaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi. Watu hudhani imeisha kwa sababu haing'ai tena gizani. Kilichochoka ni ile rangi inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo cha mita hiyo wala usikwangue. Pazia la kijivu lenye nyuzinyuzi ndani ya redio au hita ya zamani, karibu na sehemu inayopata moto, lihesabu kuwa asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, hadi ithibitike vinginevyo. Swichi za kioo zenye tone la zebaki zifunge kwa karatasi, zisipasuke. Transista kubwa za redio za mawasiliano zenye kauri nyeupe usizisage wala usizivunje, kwa kuwa kauri hiyo inaweza kuwa oksidi ya berili, na vumbi lake likiingia mapafuni halina dawa ya haraka.

4. Okoa karatasi. Vitabu vya ufundi, michoro ya saketi, orodha za valvu, risiti, dhamana, hata boksi tupu. Kitabu cha ufundi cha mashine isiyo ya kawaida wakati mwingine hukimbiliwa kuliko mashine yenyewe, na boksi halisi la valvu hupandisha bei ya valvu iliyomo. Unganisha kila karatasi na kifaa chake kwa namba moja kwenye orodha. Fanya hivyo hivyo kwa tepu. Kabla ya kuuza tepu zozote zilizorekodiwa, mtafute mtu mwenye mashine nzima azisikilize. Sauti ya marehemu mwenyewe inaweza kuwa humo, na hiyo haina mnunuzi.

5. Panga kwa kufuata mnunuzi, si ukubwa. Usiweke redio zote pamoja kwa sababu tu ni redio. Jiulize nani angekitafuta kitu hiki: mpiga gitaa, mpenzi wa santuri, mtu wa redio za mawasiliano, mkusanyaji wa kompyuta, au fundi mwenzake marehemu. Makundi yafuatayo ndiyo ninayoyatumia.

Valvu. Hizi ndizo zinazotupwa sana kimakosa, basi tukae hapa kidogo. Namba za Ulaya zinasomeka. Herufi ya kwanza inaeleza nyuzi ya kupashia moto: E ni volti 6.3, P ni mfululizo wa miliampea 300 uliotumika sana kwenye televisheni, U ni mfululizo wa miliampea 100 wa redio zisizo na transfoma. Herufi zinazofuata ni aina, kwa mfano C ni triodi (valvu ya kukuza mawimbi), L ni valvu ya kutoa nguvu, Z na Y ni za kunyoosha umeme. ECC83 basi ni triodi mbili za volti 6.3. Wamarekani huiita 12AX7, na ni valvu ile ile. Zinazotafutwa ni zile za sauti: ECC83, ECC82, EL34, EL84, KT88, 6SN7, 300B. Zikiwa za Mullard, Telefunken, Genalex au Western Electric, ziguse kwa heshima. PCL82, PL36, PY88 na jamaa zake za televisheni ni nyingi mno duniani na bei yake ni ndogo hata zikiwa mpya kwenye boksi.

Tazama doa linalong'aa kama kioo ndani ya kichwa au ubavu wa valvu. Doa likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Iweke pembeni, lakini usiitupe boksi lake. Jozi za valvu za nguvu zilizofungwa pamoja zisitenganishwe.

Transista za gerimani (madini ya germanium, si nchi ya Ujerumani), zile za miaka ya 1950 na 1960: OC44, OC71, OC81, AC128. Wajenzi wa vifaa vya sauti ya gitaa huzitafuta sana. AF117 na ndugu zake AF114 hadi AF116 zina ugonjwa wao: nywele nyembamba za chuma huota ndani ya kikopo na kugusanisha transista na ganda lake, hata ikiwa haijawahi kutumika. Zitaje hivyo unapouza.

Vyombo vya kupimia. AVO Model 8, multimita ya mshale iliyoanza 1951 na kuendelea kutengenezwa hadi 2008, ipo karibu kila karakana ya kizazi kile, kwa hiyo bei yake ni ya wastani, lakini mashine za AVO za kupimia valvu ni jambo jingine kabisa. Oskiloskopu (mashine za kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) za Tektronix za mfululizo wa 500 ni nzito na wengi huzipa kisogo. Ndani ya kava zake utakuta kijigurudumu kidogo cha risasi ya kulehemia yenye madini ya fedha. Kiwanda kilikiweka pale kwa sababu vipande vya kauri vilivyoshika saketi huachia mipako yake ukitumia risasi ya kawaida mara kwa mara. Kiache mahali pake. Mnunuzi anayejua atakiulizia.

Sauti. Mashine za santuri: Garrard 301 ya 1954, Thorens TD 124 ya 1957, Technics SL-1200 iliyoanza 1972. Maikrofoni za zamani za Neumann, hasa U 47, zinaweza kuwa na thamani kuliko chumba kizima, na zinafanana na kipande cha bomba kwa asiyezijua. Usipulizie hewa wala usiguse utando ulio ndani ya wavu. Spika za Tannoy, Altec na JBL ziuzwe mbili mbili.

Redio za mawasiliano na masafa mafupi: Collins, Racal, Eddystone, Zenith Trans-Oceanic, Grundig Satellit. Wanunuzi wake ni wavumilivu na wana maswali mengi, wajibu yote.

Kompyuta na chipu. Commodore 64 ya 1982 na wenzake. Ukikuta chipu za kauri nyeupe zenye mfuniko wa dhahabu, usiziuze kwa uzito wa dhahabu kabla ya kusoma maandishi. Intel 4004 ya 1971 ilitoka kwenye ganda la namna hiyo na wakusanyaji huilipa zaidi sana ya madini yake. Vihesabio vya zamani vyenye taa za tarakimu za Nixie, zile ambazo namba huwaka kwa rangi ya chungwa ndani ya kioo, vinunuliwa na watengeneza saa za mapambo.

Vilivyobaki, yaani rezista, skrubu, waya na transfoma ndogo, weka kwenye maboksi kwa aina na uuze kwa boksi. Ukihesabu rezista moja moja utazeekea humo. Transfoma za kutolea sauti za amplifaya za valvu ndizo za kuzitoa kwenye kundi hili, ziandike peke yake.

6. Soma tarehe. Kwenye chipu na sehemu nyingi kuna tarakimu nne, mwaka na wiki: 7832 ni wiki ya 32 ya 1978. Kwenye vidhibiti sauti vya Marekani tarakimu tatu za mwanzo ni za kiwanda. 1377532 ni CTS (namba yake ni 137), mwaka 1975, wiki ya 32. Soma sehemu tano au sita. Kifaa hakiwezi kuwa kilitengenezwa kabla ya sehemu yake changa zaidi, isipokuwa sehemu hiyo ilibadilishwa na fundi.

7. Kagua bila umeme. Nusa kwanza: transfoma iliyoungua ina harufu isiyokwisha hata baada ya miaka. Toa fyuzi uitazame. Ukikuta imezungushiwa karatasi ya bati la sigara, kuna mtu aliidanganya, na kilichokuwa kinaikata bado kimo ndani. Pinda waya kidogo; mpira ukimong'onyoka, kifaa hicho hakichomekwi. Zungusha vitufe, tafuta kinachokosekana. Kisha washa swichi ya kifaa, plagi ikiwa nje, na upime omu kati ya pini mbili za plagi. Redio yenye transfoma kwa kawaida huonyesha omu makumi, amplifaya kubwa huonyesha chache. Mita isiposogea kabisa, swichi, fyuzi au transfoma imekatika.

8. Amua kama kuna haja ya kuwasha. Mara nyingi hakuna. Kifaa cha thamani kubwa kisichowashwa huuzwa vizuri kwa mtu anayejua kukifufua, lakini kilichowashwa kikaungua transfoma huuzwa kama spea. Ukiamua kuwasha, tumia balbu ya mfululizo: umeme upite kwenye balbu ya nyuzi kwanza, ndipo uingie kwenye kifaa. Wati 60 kwa redio, wati 100 kwa amplifaya. Balbu ikiwaka sana mara moja kisha ikafifia, ni dalili njema. Zima baada ya dakika, gusa kapasita na transfoma uone kama zimepata joto, baada ya kuchomoa plagi na kumaliza chaji kama kwenye hatua ya tatu.

Onyo ambalo sitachoka kulirudia: balbu hii inalinda kifaa, haikulindi wewe. Redio yenye valvu zinazoanza na U, kama UCH42, UL41 na UY41, kwa kawaida haina transfoma, na chasisi yake inaweza kuwa imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Skrubu ya kitufe kilichong'oka inatosha kukuua. Hiyo mpe fundi mwenye transfoma ya kutenganisha, ile inayotenga kifaa na umeme wa ukutani.

Kompyuta na vifaa vyenye paua saplai za kisasa zaidi havipendi balbu ya mfululizo. Hizo pima volti za saplai peke yake kabla ya kuichomeka kwenye mashine. Saplai ya asili ya Commodore 64 inajulikana kwa kuharibika huku ikipandisha laini ya volti 5, na chipu hazivumilii hilo. Na ukiona kapasita zenye kava la plastiki ya rangi ya asali zilizojaa nyufa, zibadilishwe kwanza. Hizo hutoa moshi mzito dakika chache baada ya kuwashwa.

9. Kadiria thamani. Umri si thamani. Redio ya plastiki ya miaka sitini iliyotengenezwa kwa mamilioni bado ni redio ya plastiki. Kinachoinua bei ni kwamba kuna mtu anaihitaji leo, na zilizobaki ni chache.

Tafuta bei zilizolipwa, usitafute bei zinazotajwa. Muuzaji anaweza kutaja chochote na kifaa kikakaa miaka bila mteja. Masoko makubwa ya mtandaoni yana kichujio cha vilivyokwisha kuuzwa, na nyumba za minada huchapisha matokeo. Kusanya angalau bei tano za modeli ile ile katika hali ile ile, ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, chukua ya katikati. Kisha toa gharama ya kusafirisha, ada ya muuzaji na sehemu zinazokosekana.

"Hali ile ile" ndiyo kiini. Kuna kizima kilichothibitishwa, kuna kilichofufuliwa na fundi mwenye orodha ya alichobadilisha, kuna kisichojaribiwa, kuna cha spea. Mnunuzi mzoefu akisoma "hakijajaribiwa" huhesabu kuwa ni kibovu, na wewe hesabu hivyo hivyo. Usilipie matengenezo ili kupandisha bei kabla ya kumuuliza mnunuzi. Wakusanyaji wengi wanataka kilivyo, na kapasita mpya zilizowekwa ovyo huwashushia hamu.

Kwa orodha yako, weka alama tatu tu: cha kuuza peke yake, cha kuuza kwa kundi, cha kutoa bure au kuchakata. Ukijaribu kutafiti kila kitu utachoka kabla ya kufika kwenye vile vyenye thamani.

10. Uza kwa ukweli, fungasha kwa hofu. Picha za nyuma na za ndani huuza kuliko maneno. Sema kila kasoro unayoijua, na useme kwamba umerithi na wewe si fundi. Wanunuzi wanaliheshimu hilo, na linawazuia kudai baadaye kwamba umewauzia mbuzi kwenye gunia. Toa valvu kubwa kwenye soketi, zifunge moja moja. Kwenye gramafoni toa sahani nzito na ufunge mkono. Mita ya mshale iunganishe pini zake kwa kipande cha waya ili mshale usipige ukuta njiani. Boksi ndani ya boksi, na nafasi kati yake ijazwe.

11. Kinachobaki kipeleke kwa wachakataji wa taka za kielektroniki. Usichome waya upate shaba, maana moshi wa plastiki ile una dioksini, sumu kali, na usijaribu kutoa dhahabu kwa asidi nyumbani.

Ukikwama

Valvu haina maandishi. Ipumulie hewa ya moto kama unayesafisha miwani, au iweke dakika kumi kwenye jokofu kisha uitoe. Unyevu ukitanda, alama ya wino uliofutika mara nyingi huonekana kwa sekunde chache. Kuwa na simu tayari.

Balbu ya mfululizo haififii. Kuna shoti ndani. Zima, chomoa, andika kwenye lebo, usijaribu mara ya pili.

Harufu kali mbaya kama vitunguu saumu vilivyooza. Yaelekea ni sahani za seleniamu, zile bamba za mraba zilizopangwa kama mapezi. Chomoa, fungua madirisha, toka nje. Gesi yake ni sumu.

Vitufe vinakwaruza. Ni uchafu, haushushi bei sana. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu, yatavuta vumbi na kuacha utelezi.

Kitu cheusi kama lami ndani ya redio kaseti. Ni mkanda wa mpira ulioyeyuka. Glovu, vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili, taratibu.

Mtu anataka kununua karakana nzima leo kwa bei moja. Mshukuru, chukua namba yake, mwambie utamaliza orodha kwanza. Mwenye nia njema atasubiri. Ikiwa kweli huna muda, muuzie, lakini kundi la valvu, maikrofoni na vyombo vya kupimia viwe na bei yake pembeni.

Boksi lisilo na jina, lenye swichi tatu na taa nyekundu. Hicho fundi alikiunda mwenyewe. Sokoni kina thamani ndogo, lakini usikivunje kwa ajili ya spea mpaka ujue kinafanya nini, kwa maana kinaweza kuwa ndicho alichokitumia kupimia kila kitu kingine kilichopo chumbani. Fungua mfuniko wa chini uangalie kwa ndani. La mjomba lilikuwa na mchoro wa saketi umekunjwa mara nne na kubandikwa pale kwa gundi, thamani za rezista zote zimeandikwa kwa penseli, na chini kabisa tarehe aliyomaliza kuliunda.